Cherehani ya Eveline

Mlandege, Iringa
2 Machi 2025

Mdogo wangu Faustin,

Kamwene. Mimi ni mzima, na baridi ya Iringa ipo pale pale mlipoiacha. Baba mdogo Zabron naye ni mzima, ingawa tangu msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, uanze haonekani nyumbani mchana, na watu wamechoka kumtafuta. Kazi yangu ya kufuma inakwenda. Kuna shule huku imebadilisha rangi ya sweta kutoka bluu kwenda kijani, wazazi wananung'unika, mimi nafuma.

Najua watu wanakushangaa ukimkabidhi konda wa basi barua wakati kila mtu ana simu. Waache washangae. Tangu homa ya uti wa mgongo inichukulie masikio, wote waliozoea kunipigia walihamia kwenye ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi una tabia ya kumfupisha mtu. "Mzima?" "Mzima." Basi, imetoka hiyo. Wewe peke yako ulikubali kuniandikia hadi nikashiba, na sitaki uache.

Masomo yako nayatazama yote. Nadhani mimi ndiye mwanafunzi wako pekee anayejifunza programu za muziki bila kusikia hata noti moja. Maandishi unayoniwekea chini ya video yanasomeka, na mshale wako kwenye skrini siku hizi hauruki ruki kama nzi. Umekuwa mwalimu kweli.

Nina swali. Mwaka jana, kila uliponyamaza kidogo, ule mstari wa sauti kwenye skrini haukuwa unatulia. Ulibaki na vijinundu vidogo vidogo, vinakimbia, vinasimama, vinakimbia tena. Nilipokuuliza ulisema ni cherehani ya Eveline kutoka chumba cha pili. Nikavizoea. Nikiviona nasema moyoni, wifi yangu yuko kazini. Sasa tangu baada ya Krismasi ukinyamaza mstari unanyooka kama uzi. Je, cherehani imeharibika? Kama ni sindano au kifaa kingine, huku vinapatikana, niambie nimpe konda Lugano avilete na basi lake.

Msalimie sana wifi.

Dada yako,
Veneranda


Ilomba, Mbeya
19 Machi 2025

Dada Veneranda,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na sweta pia. Linanitosha vizuri isipokuwa mikono, inaonekana bado unanikumbuka nikiwa kidato cha pili.

Huku ni mvua tu, na mvua ya Mbeya haina adabu. Nina somo la kurekodi besi wa kwaya ambalo nimelishikilia muda mrefu, maana nikifungua mdomo tu bati linaanza kuitikia. Nimetundika mablanketi ukutani, nimesimamisha godoro dirishani, maiki nimeiweka shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Mvua ikiacha, malori yanapanda barabara kuu. Malori yakipungua, mashine ya kusaga inaanza. Muda wangu mzuri ni Jumapili asubuhi, majirani wakiwa kanisani na mashine imefungwa. Hapo ndipo narekodi.

Kuhusu mstari usiwe na wasiwasi. Ni ile njia ya kuondoa kelele ambayo nilifundisha Novemba. Unairekodi kelele peke yake, unaionyesha programu kwamba hii siitaki, halafu programu inaitafuta kila ilipo na kuifuta. Ndiyo maana umenyooka. Lile somo ndilo linaloongoza kwa kutazamwa katika chaneli yangu yote, watu wanaingia kwangu kupitia hilo. Cherehani ni nzima. Eveline hajambo, anakusalimia.

Na wewe, bado unakaa na waalto Jumapili? Clement aliwahi kuniambia kwamba yeye ndiye mwalimu wa kwaya na kiti chako hampi mtu.

Mdogo wako,
Faustin


Mlandege, Iringa
6 Aprili 2025

Faustin,

Marahaba. Mikono ya sweta nitaiongeza ukilirudisha.

Nimerudia kuyatazama masomo yako ya karibuni. Kila somo unaanza kwa kuonyesha sauti mbichi kabla hujaisafisha. Unaandika hivyo mwenyewe: "Hii bado mbichi." Na hiyo mbichi nayo imenyooka. Sasa programu imefutaje kitu ambacho hujaiambia ikifute? Masikio sina, mdogo wangu, lakini macho ninayo.

Jambo lingine. Eveline hajawahi kunisalimia kwa mdomo wako. Salamu zake ni kitambaa. Kila barua yako ilikuja na kipande cha sare anayoshona, ili nami nijue kwaya gani ya Mbeya imependeza safari hii. Ninavyo vyote kwenye kopo la sindano. Cha mwisho ni cha zambarau, kilikuja kabla ya Krismasi.

Yuko wapi?

Veneranda


Ilomba, Mbeya
25 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Usimlaumu Lugano, barua yako aliileta mapema. Mimi ndiye niliyekosa la kuandika. Nilianza mara kadhaa nikachana.

Eveline yuko kwao Ruaha Mbuyuni tangu Januari. Anawasaidia wazazi wake kwenye vitunguu. Hatukugombana, hakuna aliyepaza sauti. Alimaliza sare za kwaya aliyokuwa ameiahidi, akazipiga pasi, akazipeleka mwenyewe. Aliporudi alifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakifunga kwa shuka, akapanda basi. Meza imebaki na pedali na mkanda wake. Chumba ni kidogo, kila nikipita naigonga kwa goti.

Ulitaka kujua, basi nikuambie. Nyumba sasa ina kimya kile kile nilichokuwa nakitafuta. Nilihangaika miaka na mablanketi na godoro, leo sina cha kuziba. Wanafunzi wananiandikia, mwalimu siku hizi sauti yako safi kama ya redio. Nakula nimesimama. Nikimaliza kurekodi naiacha maiki ikiwa imewashwa, nautazama mstari nione kama kuna kitu kitauinua. Ukiinuka, ni kikohozi changu. Nina upweke, dada, sina namna nyingine ya kulisema.

Kwa nini aliondoka sijui vizuri. Labda alichoka na baridi.

Nilimpigia Clement kuuliza habari zako. Anasema tangu Pasaka ya mwaka jana hujakanyaga kanisani. Mbona nilipokuuliza ulipita kimya?

Faustin


Mlandege, Iringa
15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Pole ya kweli, kabla sijakugombeza.

Mtu wa Ruaha Mbuyuni hawezi kuichoka baridi akarudi kwao bila kuaga wifi yake aliye njiani. Basi alilopanda kutoka Mbeya lilipita hapo Ipogolo, chini kidogo tu ya mji, na hakushuka. Nikajua kuna jambo. Nilifunga kazi nikaenda. Nilitoka Iringa nimevaa sweta, kwenye mteremko wa Kitonga nikalivua, Mbuyuni nikatamani kuvua na ngozi.

Nilimkuta barazani kwao anashona. Kichwa cha cherehani amekipachika kwenye meza ya kuazima, mkanda wake umekatika na kuungwa kwa waya. Anatia viraka suruali za vibarua wa vitunguu, yeye aliyezoea kushona sare za kwaya. Hakuniona nilipofika kwa nyuma. Sijui kwa nini, badala ya kumgusa bega niliweka kiganja juu ya meza. Faustin, nilivitambua. Vilikuwa ni vile vijinundu. Vinakimbia, vinasimama, vinakimbia. Miaka nimeviona kwenye skrini yako, siku ile vilinipanda mkononi. Nililia na sikujificha.

Tulikaa. Alikuwa akiandika kwenye simu yake ananipa nisome, mimi namjibu kwa mdomo. Kwanza aliniuliza, "Wifi, lile somo la kuondoa kelele uliliona?" Nikasema niliona. Akaandika muda mrefu. Nakunakilia kama alivyoandika, nilimwomba anitumie:

"Siku ile Faustin aliniambia, hebu shona kidogo peke yako nikurekodi. Nilifurahi sana. Tangu anioe alikuwa ananiambia nisimamishe cherehani, siku hiyo kaniambia nishone. Nilibadilisha uzi. Nikafunga na kilemba kipya, kama vile sauti inaonekana. Nilishona mshono mrefu bila kukosea, nikidhani anataka kuuweka kwenye wimbo. Halafu mteja akaja kunionyesha simu yake. Maandishi mekundu: HII NDIYO TAKA. Mshale unaizungukia cherehani yangu. Watu chini wanacheka, wanaandika, mwalimu toa taka hiyo. Nilimaliza sare za watu nikaondoka."

Maandishi hayo mekundu mimi niliyasoma Novemba. Nilikuandikia kwamba yanasomeka vizuri. Kwa hiyo hata mimi nilimkalia Eveline kichwani bila kujua, lakini wewe ulijua ni cherehani ya nani, na umeniandikia habari za baridi.

Lifute hilo somo. Usiniletee maelezo.

Umeuliza habari za kanisani. Nilikaa na waalto mwaka mzima baada ya ugonjwa. Naiona midomo yao ikifunguka, noti naijua ni ipi, na haiji. Natabasamu ili wasinionee huruma. Clement ananiwekea kile kiti kwa upendo na kile kiti kinanitesa. Jumapili asubuhi siku hizi nafuma, na wewe unarekodi. Wawili tuliokulia kwenye kwaya, kila mtu amejifungia kwake. Mama angetucheka, halafu angetufuata na mwiko.

Dada yako,
Veneranda


Ilomba, Mbeya
13 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Asante kwa kwenda. Asante hata kwa kunigombeza.

Maelezo umeyakataa, lakini lazima nikwambie kwamba sikulifuta upesi. Nilijitetea kwanza. Kwaya nyingi zinazoniita kuzirekodi zilinijua kupitia somo hilo, na nikilitoa nafunga mlango niliojenga kwa mikono yangu. Halafu "taka" ni neno la kazi, kila mrekodi analitumia. Nikamwendea Sedekia, yule mwenye studio hapa Mwanjelwa, ili aniunge mkono. Akaniunga. "Ni neno la kazi tu hilo, mwalimu." Kisha akauliza, "Kwani ilikuwa cherehani ya nani?" Nilipomjibu alivua hedifoni akanitazama.

Nikarudi nyumbani nikafungua ile rekodi ya Eveline, nzima, kabla ya kukatwa. Dada, sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho. Siku ile nilichukua kipande cha mwanzo, kwa kazi ya kuondoa kelele kilinitosha. Anashona, anasimama kugeuza kitambaa, anashona. Mshono ni mrefu kweli na hakukosea. Mwishoni mguu unaacha pedali, kunakuwa kimya, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Imetoka vizuri?"

Hakuna anayemjibu. Nilikuwa pale pale, nimekaa karibu naye, nautazama mstari.

Nimelifuta somo. Nimerekodi lingine badala yake, maana njia yenyewe watu wanaihitaji. Kelele niliyotumia ni yangu: kiti kinavyokwaruza, pua yangu, kijiko kwenye sahani, mtu mmoja ndani ya nyumba. Nikaandika, "Kelele ya leo ni ya mwalimu mwenyewe." Wametazama wachache, na mmoja ameuliza lile la cherehani limekwenda wapi.

Rekodi yake sijaifuta na sitaifuta. Nakuomba umwambie hivyo. Mwambie na samahani yangu, mwambie ilitoka vizuri. Wewe unajua kupanga maneno, na yeye anakusikiliza.

Faustin


Mlandege, Iringa
10 Agosti 2025

Mdogo wangu Faustin,

Marahaba. Tuko wazima. Baba mdogo Zabron ameacha ulanzi, au tuseme ulanzi umemwacha, msimu umeisha. Anakusalimia.

Eveline alikuja. Walikuwa wanapandisha vitunguu sokoni hapa Iringa, akapita kwangu na kilo chache ndani ya wavu, akalala. Nilimwekea somo lako jipya. Tuliketi kitandani simu katikati, mimi natazama mstari, yeye anasikiliza na kuniandikia kinachosikika. "Kiti." "Kijiko." "Sasa anavuta pua, ana mafua huyu." Tulicheka. Baadaye aliacha kuandika, na mimi sikumwomba aendelee.

Salamu zako sikumfikishia. Nilimpa barua yako aisome mwenyewe, ukikasirika shauri yako. Alisoma, akarudia pale ulipoandika habari za mwisho wa rekodi, akaikunja akanirudishia. Asubuhi alinisindikiza kanisani bila kunishauri, alivaa tu akanisubiri mlangoni. Nilikaa kwenye kiti changu. Besi walipoanza nilishika benchi la mbele, mbao zikatetemeka kidogo. Haikunitosha, lakini nilikaa hadi mwisho.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi na wewe tunaandikiana barua kwa sababu mimi huwezi kunipigia simu. Nimelifikiria jambo hili nikifuma, na naona ndiyo sababu umenipenda hivi. Kwangu unaandika, unachana, unaandika tena, unasafisha, ndipo unampa Lugano. Eveline anasema tangu Januari simu yake haijawahi kulia kwa jina lako. Anasikia, Faustin. Yeye masikio anayo yote mawili, na unamtumia maneno kupitia kwa kiziwi.

Alipokuwa anapanda gari la kurudi Mbuyuni aliniandikia swali moja nikuulize: ule mkanda wa cherehani uliobaki kwenye meza huko kwako bado upo, au panya wameutafuna? Hakusema kama anataka atumiwe huko, au anataka kuukuta hapo. Sikumwuliza. Swali ni lake, jibu ni lako, na mimi silibebi.

Mpigie asubuhi kabla hajaanza kushona. Akishaanza hasikii simu.

Dada yako,
Veneranda